Naomba Ushike Shingo Yangu

Kambi ya Nne, karibu na Mogogosiek
9 Februari 1958

Mama Waceke,

Misheni walitufundisha kuanza barua kwa kusema sisi ni wazima. Leo mstari huo nauruka.

Tangu wewe na Kiarie mhame hapa kambini kwenda kufungua duka Kipkelion sijakuandikia, na sasa ni miaka miwili. Nakuandikia si kwa sababu nimekukumbuka. Najua tu kwamba zamani nilikuwa nakukumbuka, na nikaona huenda bado wewe ni mtu wa kuandikiwa.

Mama yangu alifariki mwezi wa kumi na mbili. Nilienda Kisii kumzika. Sikulia. Dada zangu walikuwa wanajitupa chini, na mimi nimekaa kwenye benchi naangalia kuku akidonoa mahindi yaliyomwagika mlangoni. Walinishika mabega wakanitikisa. Mke wa kaka yangu alisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Huyu ndiye anajua mama ameuawa na nini." Hilo nalo halikuniuma. Nililisikia kama linalosemwa kwa jirani.

Mwili wangu umebadilika. Nasikia baridi hata saa saba mchana wenzangu wakivua sweta. Uso unavimba asubuhi, mpaka binti yangu ananiambia, "Mama, leo macho yako ni madogo." Nywele zinabaki kwenye kitana. Sauti imekuwa nzito ya mwanamume. Unakumbuka kwenye mizani ya chai nilikuwa wa kwanza au wa pili. Siku hizi kikapu hakifiki nusu, na nyapara Ondieki ananiita gogo mbele ya watu. Nautuma mkono kwenye jani, nao unaenda kwa wakati wake.

Joab, yule dresa wa zahanati ya kambi, amenipa dawa ya kuendesha mara tatu, na asprini. Anasema dawa ya ugonjwa wangu ni kazi.

Hakuna ninachoomba. Nimeandika tu.

Mellen Bochaberi

*

Kipkelion
20 Februari 1958

Mama Drusilla,

Pole sana kwa mama. Nilimjua yule mama, alinifundisha kupika mboga za chinsaga na kunicheka nilipozitema. Nimemlilia hapa dukani mpaka wateja wakaondoka.

Lakini barua yako, dada! Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea mume wangu Kiarie, akasema, "Huyo amekasirika na wewe." Kama ni kwa vile tulihama bila kuagana, wewe mwenyewe ulikuwa umeenda kwenu, na lori halikungoja. Ningefanya nini? Watoto wetu walinyonya pamoja. Wewe ndiye ulinishika mgongo nilipomzaa Waceke, na leo unaniandikia eti hujanikumbuka?

Kama nimekukosea, nitajie kosa. Kama hujanikosea wala sijakukosea, basi niandikie barua nyingine, hii sitaki kuiweka.

Ningekuja mwenyewe tugombane uso kwa uso, lakini sisi Wakikuyu bado hatutembei bila kibali cha serikali, na changu kimeisha.

Priscillah Wanjuhi

*

Kambi ya Nne
16 Machi 1958

Mama Waceke,

Hujanikosea. Kiarie amekosea kusema nina hasira. Kukasirika kunataka nguvu, na mimi hata kufunga kamba ya kiatu napumzika katikati.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu. Si dharau. Nilikuwa nasema nitaijibu kesho, na kesho inapita naiangalia.

Nikuambie kilichotokea Jumatano ya tarehe tano. Kila Jumatano daktari hupita kambini na gari lake. Huyu ni mgeni, amefika mwaka huu, Kiswahili hajui, kwa hiyo Joab anasimama katikati. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza habari ya baridi, ya nywele, ya sauti, ya choo kinachokaa siku sita, na damu ya mwezi ambayo siku hizi inanikaa siku kumi na moja. Nilisema mengi kwa mtu kama mimi. Nilipomaliza, Joab akamgeukia daktari akasema maneno mawili au matatu. Kiingereza changu ni kidogo lakini neno la kuchoka nalijua. Hilo ndilo alilosema. Amechoka.

Daktari akaangalia uso wangu, akaangalia tumbo, akauliza kitu. Joab akacheka. Akaniambia, "Daktari anasema una mimba, ndiyo maana umevimba. Nenda nyumbani."

Sina mimba. Nilisema sina. Joab akaita jina linalofuata.

Mume wangu alipopata habari hiyo alifurahi. Siku tano Nyamwange alinichotea maji mwenyewe. Siku ya sita damu ikaja, akaona kitambaa kwenye kamba, akauweka mtungi chini. Tangu hapo tunasemeshana habari ya chumvi na kuni.

Juzi uji ulifurika jikoni nikiwa nimekaa kando yake. Niliuona unapanda, unamwagika, unazima moto. Drusilla akaja mbio akapiga kelele, "Mama, si unaona?" Nilikuwa naona.

Mellen Bochaberi

*

Kipkelion
25 Machi 1958

Mama Drusilla,

Nisamehe. Nimeelewa sasa, na nina aibu ya barua yangu.

Sikiliza vizuri. Unajua kabla ya kuolewa nilikuwa ayah katika hospitali ya misheni, kuosha sakafu na kubeba bakuli. Kulikuwa na mpishi wa wamisheni, mama mmoja mnene, alikuwa mtu wa kuimba tangu asubuhi. Akaanza kunyamaza. Akavimba uso hivyo unavyosema, na nyusi zikaisha huku pembeni. Jua likiwaka yeye amejifunga blanketi. Watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni mvivu. Daktari wa pale, mzee, alimshika shingo hapa mbele, chini ya koo, akamwambia ameze mate huku ameshika. Halafu alimpa vidonge vidogo. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika ndoo. Baada ya miezi mitatu yule mama alinikemea kwa sababu ya sufuria, na jikoni nzima tukafurahi.

Jina la ugonjwa silijui. Ni mambo ya tezi ya shingo. Si rovu, lile linalovimba likaonekana. Wengine shingo zao huwa tambarare kabisa. Jitazame nyusi.

Sasa, kitu nilichojifunza nikiwa na ile ndoo ni hiki: daktari huandika kile anachoambiwa. Aliambiwa umechoka, akaandika umechoka. Usiseme tena kupitia Joab. Umesoma mpaka darasa la nne, mkono wako wa kuandika unashinda wangu. Andika yote. Usiandike "nimechoka", kila mtu amechoka. Andika mwili unafanya nini na hauwezi nini, na tangu lini. Mpe daktari mkononi, mbele ya watu. Na umwambie unataka afanye nini. Watatuona hatuna adabu, lakini nimeona wenye adabu wakitolewa wodini wamefunikwa shuka.

Nyamwange alipita hapa juzi. Alinunua sabuni, akanywa chai, akaenda zake.

Dada yako,
Priscillah Wanjuhi

*

(Nakala. Mama Waceke, hii ndiyo nitakayompa daktari Jumatano. Yako nimeinakili kesho yake. M.B.)

Kambi ya Nne
7 Aprili 1958

Kwa Bwana Daktari,

Mimi ni Mellen Bochaberi, mke wa Nyamwange, mchuma chai wa Kambi ya Nne. Naomba usomewe barua hii na mtu mwingine, asiwe dresa Joab, na usomewe mpaka mwisho.

Sina mimba. Tangu uliponiona nimepata damu ya mwezi siku kumi na mbili, na mwezi kabla ya huo kumi na moja. Zamani zilikuwa nne.

Ugonjwa huu ulianza kama miezi kumi na minne iliyopita. Kwanza ilikuwa baridi. Sasa navaa sweta mbili na gunia mgongoni na bado mikono ni baridi, mtu akinisalimu hushtuka. Ngozi ya miguu imekauka na kupasuka kama tope. Nywele zinatoka, na nyusi zangu zimebaki nusu. Sikuwa nimeona mpaka rafiki yangu aliponiambia nijitazame. Sauti yangu si yangu. Ulimi ni mzito, na wakati mwingine najiuma nikiongea. Choo napata baada ya siku tano au sita. Nalala tangu jua kuzama mpaka king'ora cha asubuhi, na nikikaa wakati wa chakula cha mchana nalala tena. Chakula nakula kidogo lakini mwili unaongezeka.

Kuchuma nilikuwa nachuma ratili sabini kwa siku. Karani wa mizani anaweza kukuonyesha. Sasa ni ishirini na tano. Sikupunguza kwa kutaka.

Jambo la mwisho sijui kama ni la daktari. Sihuzuniki na sifurahi. Mama yangu amekufa na sikulia. Nina mtoto ninayejua kwamba nampenda.

Naomba ushike shingo yangu hapa mbele, chini ya koo, nikimeza mate. Naomba usiniambie niende nyumbani kabla hujafanya hivyo.

Mellen Bochaberi

*

Kipkelion
4 Mei 1958

Mama Drusilla,

Nakala nimeipata, na tangu hapo kimya. Karibu mwezi mzima. Nimeuliza madereva wa lori wanaoleta chai stesheni, hakuna anayekujua.

Lazima nikuambie kitu ambacho nilikuficha. Nyamwange hakuja hapa kununua sabuni. Alikuja kumtafuta Kiarie, kwa sababu walikuwa marafiki. Alisema, "Mke wangu amekuwa gogo ndani ya nyumba. Nimtunze mpaka lini?" Alisema atakurudisha kwa kaka zako mwezi wa sita, Drusilla abaki, na kuna msichana wa kwao ambaye wazee wameshamwona. Kiarie akamwambia angoje. Mimi nilikuwa namimina chai. Sikusema neno. Nilimwongezea sukari.

Nilipokuandikia kuhusu Joab nilijaza ukurasa mzima, na hili nikaogopa kuliandika. Nilijiambia wewe ni mgonjwa. Sasa naogopa kwamba amekurudisha tayari na barua hii itafika kwenye nyumba usiyokaa.

Kama mtu mwingine anasoma hii, tafadhali niambie Mellen yuko wapi.

Priscillah Wanjuhi

*

Hospitali, Kericho
18 Mei 1958

Mama Waceke,

Niko hospitali. Barua yako ililetwa na dereva wa daktari, anaitwa Mokaya. Ndiye aliyesoma ile yangu.

Jumatano ile sikupanga foleni. Nilisimama njiani gari likija, likasimama. Joab alitoka zahanati akinifokea. Nikapitisha barua dirishani. Daktari aliiangalia, akaona ni Kiswahili, akanyoosha mkono ampe Joab. Nikasema no. Ndilo neno langu la Kiingereza la siku hiyo. Nikamwonyesha dereva kwa kidole.

Mokaya alikuwa askari Burma, Kiingereza anakijua. Akaisoma palepale ameshika usukani, mstari kwa mstari, watu wote wamesimama. Hata ile ya damu alisoma. Hakuona haya, na mimi sikuona. Alipofika kwenye ratili daktari alimsimamisha, akamwita karani alete kitabu. Akatazama. Halafu akashuka akanishika shingo.

Daktari aliagiza niende hospitali, Nyamwange akanikataza. Alisema nani atapika. Kesho yake nilipanda lori la chai nikiwa na blanketi, Drusilla nimemwacha kwa jirani. Sikubishana naye. Sikuwa na maneno ya kubishana, miguu tu.

Hapa daktari alinipigisha magoti kwenye kiti, nyayo zikining'inia, akanigonga nyuma ya kifundo kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, polepole, kama mtu anayeamshwa akakataa. Akawaita wengine waje waone. Walisimama watano. Aligonga mara nyingi. Niliwaacha wahesabu, halafu nikamwambia nesi, "Mwulize ameona nini. Mguu ni wangu."

Nesi hakutaka. Nikarudia. Basi daktari akaketi mbele yangu akaeleza. Kuna tezi mbele ya koo ndiyo inayoupa mwili mwendo. Yangu imelala, na haitaamka. Nitameza vidonge kila siku maisha yangu yote, na siku nikiacha nitarudi nilipokuwa. Vinatoka kwenye tezi za wanyama. Nikauliza kama ni nguruwe, maana sisi Wasabato hatuli. Nesi akaniambia hilo haliulizwi. Nikasema uliza. Daktari akachukua chupa akasoma, akasema ni ng'ombe.

Sikusikia kitu, si furaha wala hofu. Nilifikiri, kumbe ni hivyo.

Kuhusu Nyamwange, nilijua. Jumapili moja mchana alikuwa mlangoni akimwambia ndugu yake, akidhani nimelala. Nilisikia yote pamoja na jina la msichana. Haikuniuma, ndiyo maana sikukuandikia. Tulikuwa tunafichana jambo moja.

Usijilaumu kwa sukari.

Mellen Bochaberi

*

Kipkelion
1 Juni 1958

Dada yangu,

Nimecheka nikalia. Nimemsomea Kiarie mpaka pale pa "mguu ni wangu", akapiga meza. Sasa umepona! Nimekushonea gauni, nimeliacha na nafasi kiunoni, utapunguza mwenyewe mwili ukirudi.

Niambie siku ya kwanza utakayocheka. Nataka tarehe.

Wako,
Wanjuhi

*

Kambi ya Nne
27 Julai 1958

Mama Waceke,

Gauni limefika, asante. Tarehe sina.

Sijapona. Nimerudi kambini, nachuma ratili arobaini, napata choo, uso umeshuka. Lakini ndani bado ni kimya. Daktari alisema inachukua muda, nami nangoja kama anayengojea mtu ambaye hajui sura yake.

Vidonge viliisha mwezi uliopita. Nilipokwenda kwa Joab aliniambia havijaletwa. Siku nne nikarudi kila asubuhi, jibu ni lile. Siku ya tano baridi ikaanza tena vidoleni, na nikaona nikilala zaidi sitaweza tena kwenda kuuliza. Nilitoka usiku, nikatembea maili kumi na moja mpaka hospitali. Njiani niliketi mara nyingi.

Yule daktari alikuwa likizo. Aliyekuwepo ni mwingine, mwenye haraka. Alinitazama akasema ninaonekana vizuri, nipumzike kwanza kumeza vidonge. Nesi akanitafsiria. Nikamwambia, "Mwambie asome kadi yangu." Daktari akasema hana nafasi. Nikamwambia nesi, "Mwambie nitakaa hapa, na yeye aendelee na wengine. Mimi ninajua kukaa." Nikakaa kwenye kile kiti tangu saa nne. Wagonjwa walipita, wakaisha. Saa tisa akachukua kadi akasoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Akanigonga kifundo. Akaandika upya, na akaongeza nusu kidonge, kwa sababu alisema cha zamani kilikuwa kidogo. Nilimwomba aandike pia kwamba vidonge vyangu napewa mimi mkononi, vya miezi miwili, visipitie kwa mtu. Aliandika.

Baadaye nilisikia kopo langu la vidonge lilikuwa kwenye rafu ya zahanati wakati wote. Joab hakuiba. Hakulitoa tu.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mizani. Karani alikuwa anaandika uzito wa chai yangu, na maji yakaanza kunitoka machoni. Nilitazama juu kama kuna mvua. Ondieki akauliza nani amenipiga. Nikamwambia mama yangu amekufa. Akasema pole, lini? Niliketi juu ya kikapu changu na nikalia, wanawake wakazunguka, wakidhani habari imefika siku hiyo.

Nililia kama saa nzima, halafu ikakoma, ikawa kimya tena.

Mellen Bochaberi

*

Kambi ya Nne
14 Septemba 1958

Mama Waceke,

Nakuandikia siku ileile ya jambo lenyewe, kabla halijapoa.

Tangu kidonge kiongezwe nimeendelea vizuri. Ratili sitini na mbili Ijumaa. Nyamwange ameona. Anawaambia watu, "Mke wangu amerudi," kana kwamba nilikuwa nimesafiri na yeye alikuwa stesheni akinipungia mkono. Habari ya yule msichana haitajwi. Jana aliniletea kitenge kutoka Kericho.

Leo asubuhi nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya meza, bado sijakigusa. Nikakiangalia, na kitu kikapanda kutoka tumboni mpaka kooni, kwa nguvu, mpaka nikaweka sinia chini. Nilidhani ni ugonjwa mpya. Nikashika ukuta. Haikuwa ugonjwa. Nilipoitambua nilikuwa nimeketi chini, na maharagwe yametapakaa kote.

Nyamwange akaingia. Akanitazama. Akauliza, "Umenikasirikia?"

Nikafikiri kwanza, kwa sababu sikutaka kusema uongo. Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

"Leo nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Leo hujakosa kitu. Ni ule mtungi uliouweka chini. Ni kwenda Kipkelion. Ni kusema mlangoni nikiwa nimelala."

Akasema, "Mellen, si hayo yalikuwa mambo ya tangu mwezi wa tatu? Yamepita."

"Kwako yamepita," nikamwambia. "Mimi yamenifikia leo."

Nilimwona akitazama mlango, na nikajua akitoka sitamfuata, wala sitalala. Halafu akavuta kiti, akaketi.

Nikaanza.

Mellen Bochaberi